Mpango mpya wa mikoko uandikwe wakata boriti wakiwapo

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo linalotugusa sana sisi wakazi wa Lamu. Mpango wa kitaifa wa usimamizi wa mikoko, ulioanza 2017, unafikia kikomo mwaka wa 2027, na bila shaka utaandikwa mwingine. Kwa kuwa zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya iko katika kaunti hii, ombi langu ni kwamba wakata boriti za mikoko, wavuvi na akina mama wanaotunza vitalu washirikishwe tangu ukurasa wa kwanza, wala tusiletewe kitabu kilichokwisha kupigwa chapa ili tukipigie makofi ukumbini.

Nasema hivi kwa sababu ya yale tunayoyaona ufuoni. Wageni wanaokuja kupanda mikoko mara nyingi huchagua ufuo ulio wazi, unaoliwa na mawimbi, kwa kuwa unafikika kwa urahisi (na picha, nadhani, hutoka vizuri), kisha huchomeka mbegu za mkoko kwa mistari iliyonyooka kama shamba la mahindi. Mkata boriti yeyote angewaeleza kwamba ukingo unaotazama bahari ni mahali pa mlilana, aina nyingine ya mikoko, kwamba mkoko wenyewe hupenda tope la kingo za mikono ya bahari, na kwamba mkandaa hukaa nyuma zaidi, ambako maji hayafiki ila wakati wa bamvua, yaani maji makuu ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo. Mbegu iliyowekwa pasipo pake husongwa na mwani na mchanga, na kusi likianza kuvuma hung'olewa.

Kuna mahali ambapo hata kupanda hakuhitajiki. Tuta au barabara ikizuia maji kujaa na kupwa, maji hutuama, chumvi hukolea na miti hukauka. Ukiifungua njia ya maji, miti iliyo jirani huleta mbegu zake yenyewe. Kwingineko mchanga umefunika mizizi ya kupumulia ya mchu na mlilana, na mti uliozibwa pumzi hufa ukiwa umesimama. Kwa hiyo kazi ya kwanza iwe kuuliza kwa nini palipo wazi pakawa wazi. Sehemu ya jibu wanayo wazee waliokata boriti huko miaka mingi, sehemu nyingine wanayo watafiti wa bahari, na hakuna upande unaolijua lote.

Sheria ya misitu ya 2016 inaziruhusu jumuiya za wananchi kusimamia misitu pamoja na Shirika la Huduma za Misitu, kwa hiyo hatuombi fadhila. Tumeona pia gharama ya kupuuza jambo hili. Marufuku ya kukata miti ya Februari 2018, iliyotokana hasa na hofu ya kukauka kwa vyanzo vya maji huko bara, iliwakumba wakata boriti wetu bila kutofautisha mlilana na mwerezi. Mwaka huohuo Mahakama Kuu, katika kesi ya bandari ya Lamu, iliona kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo.

Rasimu na iandikwe kwa Kiswahili, isomwe Matondoni, Siyu, Faza na Kiunga, si mjini Lamu peke yake. Mikutano iitwe kwa kufuata maji, kwani bamvua ikiingia wengi wetu huwa kazini, na mkutano wa siku hiyo huhudhuriwa na wale wasioijua mikoko. Maeneo yatakayokatwa na yatakayopumzishwa yatajwe kwa majina tunayoyatumia sisi, pamoja na idadi ya korja (boriti ishirini ishirini) zinazoruhusiwa, kisha orodha hiyo ibandikwe kwenye kila diko ambako boriti hupakiwa, ili hata nahodha wa jahazi aweze kuhoji mzigo uliotoka mahali palipofungwa.

Msomaji wako,
Matondoni, Lamu