Usiifute kompyuta hiyo

Ndugu yangu Sele,

Salamu nyingi. Huku sote wazima. Tumenyamaziana mno, na lawama zake tutapeana tukionana, maana leo nina haraka. Mwanaidi kaniambia umeazimia kuifuta Linux, mfumo unaoiendesha kompyuta yako, yote na kuiweka upya kwa sababu waifai haishiki kompyuta inapowaka. Nakusihi, usiifute. Soma hapa kwanza.

Kilichonishtua ni jambo alilolitaja kwa kupita tu: kwamba ukishaingia kwenye akaunti yako, mtandao unakuja wenyewe. Sele, hapo ndipo penye jibu! Draiva ingekuwa mbovu, au fimwea ya kadi (programu ya ndani ya kadi yenyewe) ingekosekana, usingepata mtandao hata baada ya kuingia. Kadi ni nzima, na ruta haina kosa. Kinachokosekana ni nenosiri la waifai. NetworkManager, programu inayosimamia miunganisho ya mtandao, huanza kazi mapema, kabla mtu yeyote hajaingia, na nenosiri lako limefungiwa kwenye hazina ya siri ya akaunti yako, ambayo hufunguka ukiingia wewe. Inabisha hodi, hakuna wa kuifungulia.

Usiniamini kwa maneno matupu. Washa upya, ingia, kisha andika journalctl -b -u NetworkManager, uone kumbukumbu zake tangu kompyuta iwake. Ukikuta "no secrets", yaani nenosiri halikupatikana, kwenye mistari ya mwanzo, ndiyo hiyo. Halafu nmcli connection show pamoja na jina la waifai yako, utazame connection.permissions: ikiwa na jina lako, muunganisho huo ni wako peke yako. Tazama pia psk-flags, inayoonyesha nenosiri linatunzwa na nani. Ikiwa ni 1, nenosiri unalo wewe, mfumo hauna. Dawa ni hii, kwa mstari mmoja:

sudo nmcli connection modify "jina" connection.permissions "" wifi-sec.psk-flags 0 wifi-sec.psk "nenosiri"

Nenosiri liandike upya humo humo, usiliache. Litahifadhiwa ndani ya /etc/NetworkManager/system-connections, kwenye faili ambalo root, msimamizi mkuu wa mfumo, pekee hulisoma. Ruhusa zake zibaki 600, yaani mwenye faili pekee ndiye wa kulisoma na kuliandika. Ukizilegeza ili ulihariri kwa urahisi, NetworkManager italipuuza faili lote, na utarudi kunilaumu mimi.

Hamisi naye, nasikia, amekushauri uanzishe wpa_supplicant, programu inayoiunganisha kadi na waifai, kwa skripti yako mwenyewe. Hamisi nampenda, lakini hapa nampinga kabisa. NetworkManager tayari inaiendesha wpa_supplicant. Ukianzisha nyingine pembeni, mbili zitagombea kadi moja, na hitilafu za namna hiyo leo zipo, kesho hazipo. Kama skripti umeshaiweka, iondoe kabla hujajaribu lolote.

Na ile kazi yako ya kuhifadhi nakala usiku… huenda bado ikashindwa hata waifai ikishika, kwa kuwa inaanza kabla mtandao haujawa tayari. Kwenye faili la huduma yake weka Wants=network-online.target na After=network-online.target. Watu wengi huandika network.target wakidhani ni kitu kile kile, kumbe hiyo haisubiri muunganisho upatikane.

Narudia, ukifuta na kuweka upya, halafu ukaliacha nenosiri lihifadhiwe kwako peke yako kama mwanzo, tatizo litakuja lile lile, na mafaili yako utakuwa umeyahangaisha bure.

Sasa nijibu. Hiyo psk-flags inasema ngapi? Ruta umeibadilisha karibuni, au jina la mtandao? Unapoandika nmcli device kadi inaonekana "disconnected" au "unmanaged"? Maana ikiwa "unmanaged", basi kuna kitu kimeiondoa mikononi mwa NetworkManager, na hapo itabidi tuanze na /etc/network/interfaces, faili jingine la mipangilio ya mtandao. Mama mguu umepoa? Na Zuhura aliamua nini hatimaye, anakwenda au haendi?

Nijibu leo hii, kabla hujagusa diski.

Wako,
Rashidi