Choo cha boti kisimwage ziwani, maji hayo ndo tunakunywa

Mhariri,

Shikamoo kama umenizidi umri, kama hujanizidi basi mambo vipi. Mi ni nahodha wa boti ya kutembeza wageni ziwa Tanganyika hapa Kigoma, boti tunailaza Katonga na abiria tunachukulia Kibirizi, naomba nafasi niongelee kitu ambacho watu wanaona aibu kukiongea, yaani choo. Siyo choo cha nyumbani, choo cha ndani ya boti. Sikuizi wenye pesa zao wananunua boti ndogo za faiba za kustarehea, wikiendi wanaenda Gombe kuangalia sokwe au wanaenda tu kuogelea na familia, na mtu akishamaliza habari za mashine na laifu jaketi swali linalofuata ananipigia mimi, "Kepteni, hapa kwenye choo niweke nini?"

Zamani swali hilo halikuwepo. Mwanaume anasimama ukingoni, mwanamke anavumilia, basi. Nimewahi kubeba akina mama ambao toka jana yake jioni hawajagusa maji kwa kuogopa njiani itakuwaje, na jua la ziwani mnalijua, mmoja alishuka Gombe kichwa kinamgonga mpaka akashindwa kupanda mlima kuwaona hao sokwe aliowalipia hela. Na huyo mwanaume wa ukingoni naye asijione mjanja, kuna usiku wimbi lilipiga ubavuni tukamdaka mtu kwa ukosi wa shati zipu iko wazi. Kwahiyo mi siyo wale wanaosema choo kwenye boti ni madoido. Choo kiwepo. Shida ni kwamba wengi wanafunga kile kinachomwaga moja kwa moja ziwani.

Nakijua maana boti ya bosi wangu ilikuja nacho, ya mtumba toka Dar. Ni choo cha pampu ya mkono, kinavuta maji ya nje kwa tundu moja chini ya boti na kusukuma uchafu kwa tundu lingine, yaani unajisaidia na ziwa linapokea hapohapo. Kina kiswichi, upande mmoja kinaingiza maji, upande wa pili kinatoa tu bila kuingiza, na ukimaliza lazima ukirudishe upande wa kutoa. Mgeni wetu mmoja hakukirudisha, na mimi nilikuwa sijamwelekeza, kosa langu. Sasa lile bakuli limekaa chini ya usawa wa maji ya nje, na fundi aliyefunga mpira aliupitisha njia ya mkato, hakuupandisha juu kwa kona yenye kitundu cha hewa, kwahiyo maji yakishaanza kuingia yanajivuta yenyewe kama unavyofyonza petroli kwenye dumu kwa mpira ukaachia. Asubuhi nafika Katonga naikuta boti imekalia matako, maji yameshafika kwenye betri, nusu siku tunachota kwa ndoo na watoto wa mwaloni wanacheka.

Kwahiyo wewe ambaye unacho tayari hicho cha pampu, sikiliza. Kila tundu la chini liwe na koki yake na ukitoka kwenye boti unazifunga zote, siyo moja. Kila mpira uwe na klipu mbili za chuma kisichoshika kutu kila mwisho, siyo kufunga na mpira wa baiskeli kama nilivyokuta kwenye boti moja. Pembeni ya kila tundu funga na kamba kizibo cha mti kinachoenea, siku koki ikikatika unagongelea hapohapo. Ile kona ya kupanda juu yenye kitundu cha hewa isikosekane. Kuna kivali cha mpira chenye mdomo kama wa bata, kikilegea uchafu unakurudia kwenye bakuli, wazungu wa boti wanakibadilisha kila mwaka au hata kabla. Na pampu ikikaza ipake grisi ya silikoni. Mi niliambiwa mafuta ya kula yanatosha, nikamimina mawese, si tuko Kigoma, asubuhi kukawa na kabaridi yakagandia humo ndani, nimesukuma mpaka mkono umevimba.

Lakini hata ukikitunza vipi bado kinamwaga ziwani, na hapo ndo hasa nilipotaka kufika. Kuna mtu ataniambia mbona meli za baharini zinamwaga. Kanuni za kimataifa za meli zinataka uchafu wa choo ambao haujasafishwa umwagwe ukiwa zaidi ya maili 12 za baharini toka nchi kavu, hizo ni kama kilomita 22. Ziwa letu upana wake kwa wastani ni kama kilomita 50, sasa ukikimbia hizo 22 toka Kibirizi uko karibu katikati, ukisogea tena unamkaribia Mkongo na yeye ana ndoo yake anachota. Hamna mbali huku! Wengine wanategemea kina, eti mita 1,470 litameza kila kitu, ila anayechota maji hachoti huko chini, anachota hapa ufukweni ambapo na boti zinalala. Na maji ya ziwa hili yana mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga upande wa Kongo, mengine yanapanda na jua, ulichoweka humo usitegemee kesho kitakuwa kimeondoka. Hata maji ya bomba ya hapa mjini yanatoka ziwani humohumo.

Na sisi Kigoma hatuhitaji kuhadithiwa. Mwaka 2015 wakimbizi toka Burundi walijaa Kagunga, kijiji cha mpakani, maelfu kwa maelfu, vyoo hakuna, maji ni ya ziwa, kipindupindu kikaua watu zaidi ya 30 huku meli ya Liemba inapiga tripu kuwaleta mjini. Mwaka huohuo mwezi wa nne Sweden walikuwa wamepiga marufuku boti za starehe kumwaga choo kwenye bahari yao, na wao bahari hawainywi.

Sasa nini uweke. Nilianza na kile choo kikavu kinachotenganisha mkojo na kinyesi, mkojo mbele kwenye dumu lake, kinyesi nyuma unakifukia na vumbi la mbao, vumbi lenyewe kwa maseremala unapewa bure. Ni kizuri kweli na hakinuki, ila kina siri moja, waliokibuni wanatumia karatasi. Sisi tunatawaza na maji. Mtu mmoja tu akitawazia pale vumbi limeshakuwa uji, na uji ukikaa siku mbili kwenye joto hamsogei hapo. Nyumbani ukijenga choo cha namna hii unaweka sehemu ya tatu ya kutawazia, kwenye boti ya mita saba utaiweka wapi? Nikaandika bango tumieni karatasi, hakuna aliyelifuata, na mi mwenyewe sikulifuata.

Nikaishia kwenye choo cha kubebeka, kile cha plastiki cha vipande viwili, wengi wanakijua kama Porta Potti. Juu kuna maji ya kuflashi na mahali pa kukalia, chini kuna tangi la uchafu, katikati yake kuna kisahani cha kuvuta. Tangi la chini la hiki kikubwa ni lita 21. Hesabu yangu ni nyepesi, kopo la kutawazia nimelikata linabeba nusu lita tu, kwahiyo mtu akiingia mara moja naweka lita moja kwa mkojo, kutawaza na kuflashi, abiria sita kwenda na kurudi Gombe kila mmoja mara mbili ni lita 12, tunarudi na nafasi. Kwa safari ya hifadhi ya Mahale ya kulala siku mbili tatu hakitoshi, huko funga tangi kubwa la kudumu lenye bomba nene la kupumulia, likikosa hewa linaoza vibaya na harufu inapita mpaka kwenye ukuta wa mpira. Ukitaka kujua kama ni mpira, uzungushie kitambaa cha maji ya moto, kikipoa kinuse, kikinuka ni huo badilisha.

Kukitunza hiki cha kubebeka hakuna kazi ya ajabu. Kifunge chini kwa mikanda, wimbi halichagui. Raba ya kile kisahani ipake silikoni na usiioshe kwa dawa kali ya kung'arishia nguo, inakakamaa inaanza kuvuja. Ukoko wa mkojo unatoka kwa siki ukiuacha ulale nao usiku. Na boti ikishinda juani tangi linajaza gesi, basi kabla hujakaa funika kifuniko ndo uvute kisahani taratibu kipumue, mi siku ya kwanza nilivuta nimeinama nachungulia, yaliyonipata nayaacha.

Kumwaga ndo kazi. Lita 21 ni kilo 21 na ushee, halafu wapi? Mwaloni hakuna pa kumwagia. Mi nalipeleka nyumbani kwenye choo cha shimo, wa bajaji alipojua kilichomo akanishusha njiani, sasa natumia toroli langu mwenyewe nikipita kwenye genge la jirani watu wananisalimia wameziba pua. Kwahiyo ombi langu kwa wanaohusika ni mambo mawili. Pale Kibirizi na Katonga wekeni shimo moja la maana la kumwagia, lenye maji ya kusuuzia, tulipie hata buku mbili kwa tangi, tutalipa. Na wakaguzi wanaokuja kuhesabu laifu jaketi wainame wachungulie na choo kinatokea wapi.

Bosi ameshakubali tuzibe yale matundu mawili chini ya boti, fundi wa faiba anakuja Jumanne. Kile choo cha pampu tumekiweka stoo, anayetaka spea aje Katonga aulize boti yenye toroli.

Nahodha, Katonga, Kigoma