Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mwaka 2024: Watoto 340 Mlangoni

Ndugu wanachama wa jumuiya yetu ya wazungumzaji wa Kiswahili hapa Des Moines, Marekani,

Mambo ya kawaida nitayapitia haraka, kwa kuwa katibu ameshawagawia kwa maandishi. Ada za mwaka zimelipwa na kaya nyingi kuliko mwaka uliotangulia. Mfuko wa misiba ulifunguliwa mara tatu, na mara zote rambirambi ilifika kwa wafiwa kabla ya maziko. Darasa la Kiswahili la Jumamosi lilisimama miezi miwili tulipokosa ukumbi, likarudi Septemba. Idi zote mbili tulikula pamoja, na Krismasi vilevile, ingawa pilau ya Krismasi ilishika ukoko nusu sufuria na kamati ya chakula imeshaomba radhi.

Sasa lile azimio ambalo baadhi yenu mlilicheka: kwamba kila kaya yenye mlango wake wa nje ihesabu watoto wanaopita kuomba pipi usiku wa Halloween, ile sikukuu ya Wamarekani ya kuvaa vinyago mwishoni mwa Oktoba. Hili nitalikalia kidogo.

Waliokuwapo Januari 2024 watakumbuka ugomvi ulivyoanza. Mwaka 2023 tulinunua pipi kwa pamoja, maana ukinunua kwa jumla bei inashuka, na mweka hazina akazigawa sawa kwa sawa, mifuko miwili kila kaya. Hakuna aliyeona kasoro. Kumbe kwangu, mtaa wa Beaverdale, ilipofika saa moja kasorobo nilikuwa nakwangua bakuli na watoto bado wanapanda ngazi kama siafu. Nikazima taa, nikakaa gizani sebuleni mwangu kama mtu anayemkwepa mdai. Jioni hiyohiyo mwenzetu mmoja hakugongewa hata na paka, na pipi zake wajukuu walizila mpaka Pasaka. Tulipokutana, mmoja alidai kwake walipita watoto mia tatu, mwingine akaapa kwamba mtindo huo umekufa na siku hizi hakuna mtoto anayetoka nje. Ndipo mama mmoja wa Uvira akauliza swali lililonyamazisha ukumbi: nani kati yetu amewahesabu?

Kwa waliofika karibuni, nieleze kwanza desturi ya hapa, kwa sababu Des Moines haifanani na miji mingine ya Marekani. Kwingine watoto hutoka tarehe 31 Oktoba. Hapa kwa miaka mingi siku ya mapokeo ilikuwa tarehe 30, saa 12 jioni hadi saa 2 usiku, nayo huitwa Usiku wa Ombaomba. Mwanzo wake ni Halloween ya mwaka 1938, ambapo vijana waliharibu mali za watu kiasi kwamba simu za malalamiko kwa polisi zilipita mia tano. Mama mmoja wa idara ya viwanja vya michezo ya jiji, Kathryn Krieg, akabuni njia ya kuwapa watoto jioni yao yenye utaratibu: watapita nyumba kwa nyumba, lakini hawapewi kitu bure. Mtoto sharti achekeshe kwanza. Anatoa kichekesho au fumbo, kisha ndipo anyooshe mfuko.

Hilo ndilo lililowavuta wengi wetu. Sisi wa pwani tumekulia mkono wa Idi, mtoto anapita kwa majirani na nguo mpya na kurudi na sarafu mfukoni. Mwanachama wetu aliyekulia Maskati alitusimulia Qaranqasho, katikati ya Ramadhani, watoto wanapita usiku wakiimba na kugonga kombe, wanajaziwa pipi na karanga. Kwa hiyo mtoto mlangoni si jambo geni kwetu. Kigeni ni fuvu alilovaa usoni. Nilipigiwa simu mwaka wa kwanza wa familia moja iliyotoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, sauti imeshuka kabisa: "Mwenyekiti, mlangoni kuna mifupa miwili na kuku." Nikawaambia wafungue, wasikilize kichekesho, watoe pipi. Mwaka huu familia hiyo ndiyo iliyopata idadi ya pili kwa ukubwa.

Kaya tisa zilijitolea kuhesabu. Tulikubaliana njia moja, vikombe viwili vya plastiki na maharage mabichi: kila mtoto akipewa pipi, punje moja inahama kutoka kikombe hiki kwenda kile. Kalamu na karatasi tulizikataa baada ya kuzijaribu nyumbani kwa katibu. Mkono mmoja una bakuli, mwingine unashika mlango usifungwe na upepo, kalamu utaishika na nini? Mtoto mchanga anayebebwa anahesabiwa iwapo ana mfuko wake. Wazazi hawahesabiwi, hata waliovaa kama simba.

Kaya nane zimeleta hesabu. Ya tisa, bibi wa nyumba alikuta kikombe kimejaa maharage juu ya jokofu asubuhi, akayaloweka, akayapika na nazi. Nimeonja. Hesabu hatuna.

Jumla ya kaya nane ni watoto 340. Kwangu walipita 117, yaani theluthi ya wote. Nyumba iliyo mkabala na shule ya msingi ilipata 61, na ya jirani yake, mwanachama pia, 58. Kisha 44, 37, 14, 9, na sifuri moja. Mweka hazina amepiga wastani akapata 42 na nusu, lakini nawaomba namba hiyo msiitumie kwa lolote, kwa sababu mtu akinunua pipi za watoto 42, nyumba nne zitafunga mapema na nne zitabaki na mzigo.

Tumekaa na namba hizi jioni nzima tukitafuta sababu. Utajiri wa mtaa hauelezi kitu: nyumba ya watoto 9 ina bustani kubwa kuliko zetu zote, na ndiyo taabu yenyewe. Mlango uko mbali na barabara, jirani wa pili yuko mbali zaidi, na hakuna njia ya waenda kwa miguu. Mtoto wa miaka sita ana saa mbili tu, na anajua hesabu kuliko tunavyomdhania; anakwenda palipo na milango mingi kwa hatua chache. Beaverdale nyumba ni zile za matofali, zimebanana, njia ya miguu inapita mbele ya kila mlango. Wazazi hata huwaleta kwa magari kutoka mitaa mingine, wakaegesha pembeni na kutembea. Nyumba ya 14 ina njia nzuri kabisa, ila taa ya barazani iliungua na mwenyewe akaweka mshumaa. Huku taa ndiyo hodi yenyewe. Ikiwaka, karibuni, ikizimwa, hakuna anayegonga wala anayeuliza.

Ile saa ya kuishiwa sasa tunaijua. Mimi nilikuwa nabadilisha kikombe kila nusu saa: 22 nusu saa ya kwanza, halafu 41, halafu 38, halafu 16. Wa kwanza ni wadogo sana, jua ndiyo kwanza linazama. Tangu mwaka 2007 saa hazirudishwi nyuma mpaka Jumapili ya kwanza ya Novemba, kwa hiyo hawa wadogo bado wanapata mwanga wa kuonea ngazi. Wa mwisho ni vijana warefu wasiovaa chochote cha maana, wenye vichekesho vibovu kuliko vyote.

Ile sifuri inahusu uongozi, na sitaificha. Mwaka huu kulitabiriwa mvua kubwa Jumatano tarehe 30, jiji likausogeza Usiku wa Ombaomba hadi Alhamisi tarehe 31. Jirani yangu, mzee aliyezaliwa hapahapa, alisema hajapata kuona jambo hilo maishani. Tangazo lilitoka mapema. Mimi nilidhani katibu ametuma ujumbe kwenye kundi letu la WhatsApp, katibu alidhani nimetuma mimi, na ujumbe ukaondoka Jumatano saa 9 alasiri. Familia moja ilikuwa tayari kazini zamu ya mchana, simu zimefungiwa kwenye makabati. Walirudi mbio, wakawasha taa, wakakaa na bakuli saa mbili nzima wakitazama mvua. Alhamisi walikuwa zamu ya usiku. Nimewaomba radhi nyumbani kwao, na narudia mbele yenu. Sifuri yao isisomwe kama habari ya mtaa wao.

Kuhusu vichekesho. Kijana aliyevaa mifupa aliniuliza kwa nini mifupa haikwenda kwenye dansi. Nikasema sijui. Akajibu kwamba haikuwa na mtu wa kwenda naye, akasubiri nicheke. Nilimtazama. Akarudia polepole, kwa huruma, akinieleza kwamba kwa Kiingereza "hakuna mtu" na "hakuna mwili" hutamkwa karibu sawa. Nilicheka wakati ameshafika kwa jirani. Watoto wetu wenyewe walikuwa na silaha bora. Darasa la Jumamosi liliwafundisha vitendawili vitatu wavitafsiri, na binti wa miaka minane aliyefuatana nasi dakika kumi za mwanzo alitumia kimoja tu mlango hadi mlango: nyumba yangu haina mlango. Wenye nyumba wanakuna kichwa. Mmoja akasema jela, mwingine akasema kaburi, na mtoto anatikisa kichwa kama mwalimu mkuu. Akitoa jibu, yai, wanaongeza pipi ya pili. Mwalimu wa darasa ameomba bajeti ya vitabu, nami namuunga mkono.

Liko pia la visheti. Mama yetu mmoja alikaanga visheti vya kutosha mtaa mzima, vimepaka sukari vinang'aa, akaviweka kwenye sinia. Watoto walichukua kwa furaha, na asubuhi akavikuta vingine kwenye majani ya jirani. Ameumia, na ana haki. Wazazi wa hapa hawakubali kitu kisichofungwa kiwandani. Hofu ya pipi zenye sumu ni ya miaka mingi, ingawa Joel Best, mwanasosholojia wa Chuo Kikuu cha Delaware, amekusanya taarifa za tangu mwaka 1958 bila kuthibitisha kisa hata kimoja cha mgeni kumuua mtoto kwa pipi za Halloween. Mtoto aliyeuawa kwa pipi yenye sumu huko Texas mwaka 1974 aliuawa na baba yake mzazi. Lakini hofu haisomi takwimu. Visheti vibaki vya Idi, na mwaka ujao naomba niwe wa kwanza kwenye foleni.

Nyumba mbili ziliweka barazani boga la rangi ya buluu-kijani, alama ya kampeni iliyoenea nchini tangu mwaka 2014, kuonyesha kwamba kuna vitu visivyo chakula kwa watoto wenye mzio. Mmoja wa wenye nyumba hizo ana mtoto ambaye karanga moja tu inampeleka hospitali. Penseli zao ziliisha kabla ya pipi.

Kaya nne zilituandikia kwamba dini yao haiwaruhusu kushiriki, na barua moja ilikuwa kali. Uongozi hauna neno. Hakuna senti ya ada inayokwenda kwenye pipi; ni mchango wa hiari wa wanaotaka, na daftari lake liko mezani kwa anayetaka kulikagua. Wasiotaka wazime taa, kama wanavyofanya majirani wengi tu.

Mapendekezo ya kupigiwa kura ni mawili. La kwanza, pipi za 2025 zigawiwe kwa hesabu ya mwaka huu, na nyumba isiyo na hesabu ipewe mfuko mmoja, ikizidiwa inapiga simu kwa jirani wa karibu mwenye akiba. La pili, mtu mmoja tu, ambaye si mwenyekiti wala katibu, apewe kazi ya kufuatilia tarehe kwa jiji na kuitangaza kwa Kiswahili, Kirundi na Kifaransa siku tatu kabla. Mama wa Uvira amekubali jina lake lipendekezwe.

Mweka hazina anakumbusha kwamba vikombe vilitolewa kumi na nane na vimerudi kumi na vinne. Maharage hayadaiwi.