Unga wa mbao ndani ya injini: kinachoua chensoo za kupasulia

Kukata gogo vipande na kulipasua mbao ni kazi mbili tofauti kabisa kwa injini. Ukikatisha gogo, mashine inanguruma kidogo halafu inapumua. Ukipasua paini la futi 12, inakwenda resi ya mwisho dakika kadhaa mfululizo, na cheni iliyonolewa digrii 10 kwa ajili ya kupasulia inatoa unga laini kuliko maranda ya kawaida. Unga huo unaelea palepale injini inapovutia hewa.

Filta ya hewa ikiziba, hewa inapungua na mafuta yanazidi. Mashine inachoka katikati ya gogo, moshi unakuwa mzito, plagi inatoka nyeusi tena imelowa. Hapo ndipo mashine nyingi zinapouawa. Mpasuaji anachukua bisibisi, anabana skrubu ya H, ile ya kabureta inayopima mafuta ya mwendo wa kasi, mashine inachangamka, kazi inaendelea. Jioni anasafisha filta. Kesho yake hewa inaingia yote lakini mafuta ni yale aliyoyapunguza, na oili ya injini hii imo ndani ya petroli hiyohiyo. Mafuta yakipungua, ulainishaji nao umepungua. Injini inachemka, pistoni inashika.

Tafadhali, usiguse skrubu ya kabureta kabla hujaiangalia filta.

Vumbi linalopita hadi ndani lina njia yake nyingine. Mara nyingi halipenyi kwenye wavu wa filta, linapita pembeni: filta ina ufa, haikukaa sawa, nati imelegea, au mpira unaounganisha kabureta na silinda umechanika. Kipimo chake ni rahisi. Toa filta, funga kitambaa cheupe kwenye kidole, kipitishe mdomoni mwa kabureta. Kikitoka na unga, usiwashe tena mpaka ujue umepitia wapi. Kama filta ni nzima, paka grisi kidogo sana kwenye ukingo wake unaokaa juu ya kabureta. Inaziba mwanya na kunasa vumbi.

Porini, beba filta 3 safi ndani ya mfuko uliofungwa. Mashine kubwa ikipasua humaliza tangi kwa takriban nusu saa, basi kila unapojaza mafuta badilisha filta. Funga choki kwanza, yaani kilango cha hewa cha kabureta, kisha piga brashi mfuniko na pembeni zake zote kabla ya kuufungua. Wengi wanaruka hatua hii, na unga uliokuwa juu unamwagikia ndani ya kabureta.

Filta ya wavu wa nailoni ioshwe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, ikauke kabisa. Ya karatasi usiioshe kwa maji wala petroli, isipokuwa mtengenezaji ameruhusu. Igongegonge taratibu kwenye kiganja. Ukitumia kompresa, puliza kwa upepo mdogo kutoka ndani kwenda nje. Ukipuliza kutoka nje unaukandamiza unga ndani ya vitundu, na upepo mkali unatoboa filta bila wewe kuona.

Soksi nyembamba za kike zikivalishwa juu ya filta zinasaidia kweli. Tumia tabaka moja tu, lisiguse choki wala kuzuia mfuniko kukaa. Kitambaa kizito kinarudisha tatizo lilelile la hewa kidogo.

Simama ili upepo uuondoe unga upande wa filta. Noa cheni kila tangi, kwa sababu cheni butu haikati, inasaga. Na paini lenye utomvu hugandisha unga kwenye mapezi ya silinda na kwenye matundu ya mfuniko wa kamba ya kuwashia. Yasafishe kila jioni, maana ndiyo yanayoipoza injini.

Ukituletea chensoo ya kupasulia hapa karakanani, njoo nayo pamoja na filta zako zote, hata za zamani. Tunafungua ekzosi na kabureta na kuitazama pistoni kupitia matundu ya silinda bila kuing'oa silinda yenyewe. Mikwaruzo upande wa ekzosi kwa kawaida ni ya joto. Upande wa kabureta, pistoni iliyofifia kama iliyopigwa msasa ni ya vumbi, na hapo tunakagua filta na mpira kabla ya kukuuzia ringi mpya.