Uwanja Usiutie Kabro

Mwanangu mpenzi,

Assalamu alaikum. Huku Malindi sote twamshukuru Mungu, na goti la babako limepata nafuu. Nimepata ujumbe wako kuhusu pesa za kabro, yale matofali ya kutandaza uwanjani, na za mtu wa kupuliza dawa ya wadudu. Najua wataka tustarehe. Lakini uwanja huu una wenyewe, na naomba nikueleze habari zao kabla hujatuma chochote.

Yale madudu meusi yanayotoboa boriti za banda, uliyokuwa ukiyakimbia utotoni, ni nyuki. Duduvule. Jike huchimba tundu kwenye mti mkavu, akaweka donge la chavua, akataga yai juu yake, kisha akaziba kwa unga wa mbao. Sasa tazama mpasheni wetu wa manjano. Ua lake hufunguka adhuhuri, na chavua yake lenyewe haliitaki. Lataka ya mche mwingine, ndiyo maana nilipanda miwili. Nyuki wa asali ni mdogo, hunywa akaenda zake. Duduvule ni mkubwa, mgongo wake hupangusa chavua palepale inapotakiwa. Wakumbuka mwaka tulipoziba matundu yote kwa saruji? Maua yalifunika uzio mzima, na pasheni hatukuonja. Nilimlaumu muuza miche, na kumbe mkono ulioziba ulikuwa wangu. Siku hizi nimewawekea magogo makavu kivulini.

Kuhusu kabro: pale karibu na kisima, kwenye udongo mtupu unaotaka kuufunika, kuna nyuki wengine wenye mistari ya samawati tumboni. Hao huchimba nyumba zao ardhini, kila jike na shimo lake. Ndio wanaohudumia mabiringani yangu. Hulikumbatia ua, wakatetemeka mpaka usikie mlio, na chavua ikamwagika kama chumvi kwenye kichupa. Nyuki wa asali hawezi kazi hiyo. Na baada ya magharibi mimi hutoka na tochi kuangalia madume yao yakilala: kila mmoja ameuma kikonyo cha rehani kwa taya, mwili unaning'inia, usiku kucha. Sijawahi kuchoka kuwatazama. Ndiyo sababu rehani siikati ikiwa na maua, hata ikiota ovyo.

Viwavi vya kwenye mdimu pia niachie. Vikiwa vidogo hufanana na kinyesi cha ndege. Vikikua huwa kijani, na ukivigusa hutoa pembe mbili za rangi ya chungwa zenye harufu kali. Majani watakula, lakini mdimu wetu ni mkubwa, utachipua. Hapo Gede, wakulima wanaopakana na msitu wa Arabuko-Sokoke wamekuwa wakifuga vipepeo tangu 1993 kupitia mradi wa Kipepeo, na pupa, yaani viwavi vilivyojifunga kabla ya kuwa vipepeo, husafirishwa hadi ng'ambo. Wenzetu wanapata riziki kwa kile tunachotaka kukipulizia dawa.

Kama pesa umeshazitenga, mlango wa nyuma wahitaji bawaba. Na likizo ya Desemba mlete mjukuu wangu. Nimemnunulia daftari, nusu nimeshaijaza mimi: tarehe, ua gani, nani kalitembelea. Mwambie asilale mchana, mpasheni hufunguka saa sita.

Mamako