Sekunde ya mraba

Rafiki yangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya, wewe na mwanao. Nimelisoma swali lake mara mbili, nami nampongeza kwa kuliuliza badala ya kukariri tu: ikiwa mita ya mraba ni eneo la sakafu, sekunde ya mraba iliyoandikwa chini katika kipimo cha mchapuko (badiliko la kasi kwa kila sekunde), yaani m/s², ni kitu gani?

Mwambie kwamba hakuna sekunde ya mraba ya kutafuta popote, kwa kuwa alama hiyo ni kifupi tu cha maneno «mita kwa sekunde, kwa kila sekunde». Pikipiki inayoondoka kituoni ikafikia mita 2 kwa sekunde baada ya sekunde ya kwanza, mita 4 baada ya ya pili na mita 6 baada ya ya tatu, inajiongezea kasi ya mita 2 kwa sekunde katika kila sekunde inayopita, na nyongeza hiyo ndiyo mchapuko wake. Kuukokotoa mchapuko ni kutoa kasi ya mwanzo katika kasi ya mwisho, kisha kugawanya kwa muda uliotumika. Asisahau kugawanya kilomita kwa saa kwa 3.6 kwanza ili apate mita kwa sekunde, hapo ndipo wanafunzi wengi hupoteza alama.

Asichanganye mchapuko na kasi yenyewe. Treni ya umeme ya Dar es Salaam kwenda Dodoma, ikishafikia kilomita 160 kwa saa na kuendelea hivyo hivyo kwenye njia iliyonyooka, mchapuko wake ni sifuri. Ikiingia kwenye kona bila kubadili mwendo, mchapuko upo, kwa sababu mwelekeo umebadilika, na badiliko la mwelekeo nalo ni mchapuko.

Breki nazo zina mchapuko, ila ni hasi, na jambo hili ningependa alielewe kuliko yote, maana yeye huvuka barabara kila siku. Gari lenye kilomita 36 kwa saa, yaani mita 10 kwa sekunde, likipunguza mita 5 kwa sekunde kila sekunde, husimama baada ya mita 10. Likiwa na kilomita 72 kwa saa, kwa breki zile zile, huhitaji mita 40. Kasi imeongezeka mara mbili, umbali mara nne.

Galileo aliviringisha mipira kwenye ubao ulioinama kwa kuwa kitu kinachoanguka wima kilimpita upesi mno asiweze kukipima. Nanyi fanyeni vivyo hivyo: inueni kidogo upande mmoja wa ubao, iachieni gololi bila kuisukuma, apime muda kwa simu yako, azidishe umbali kwa 2, kisha agawanye kwa muda uliozidishwa kwa wenyewe. Gololi ikienda mita 1.5 kwa sekunde 2, mchapuko wake ni mita 0.75 kwa sekunde, kwa kila sekunde. Arudie kwa robo ya umbali huo, aone kama muda utakuwa nusu, kisha aniandikie vipimo vyake vyote, hata vile vitakavyokataa kulingana.

Wako akupendaye,
Rafiki yako