Tuuziwe buti la mlima, si sura yake

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni yangu kuhusu mavazi na vifaa vya kupanda mlima vinavyouzwa katikati ya jiji la Nakuru. Mtu akitembea kutoka Kenyatta Avenue hadi kwenye vibanda vya mitumba, hakosi jaketi la mvua, buti, begi la mgongoni wala kofia ya jua, kwa bei ambayo mfanyakazi wa kawaida anaweza kuimudu baada ya kuvutana kidogo na mwenye mali. Hilo ni jambo la kujivunia, kwa maana vijana wetu hawalazimiki kusafiri hadi Nairobi kujitayarisha kupanda Menengai iliyo mlangoni petu, au Longonot yenye kimo cha mita 2,776.

Ninachosikitikia ni kwamba wauzaji wengi huchanganya vazi la mtindo na vazi la kazi, kisha yote mawili yakauzwa kwa jina la "vya mlima". Sina ugomvi na mitindo. Napenda kuona vijana wamependeza, na rangi ang'avu humsaidia mtu kuonekana na wenzake ukungu unaposhuka. Lakini mnunuzi ana haki ya kujua anacholipia.

Chukua mfano wa buti. Buti nyingi za kupandia milima zina tabaka la poliyurethani, yaani plastiki laini kama sponji, kati ya ngozi na soli ya chini. Tabaka hilo hufyonza unyevu wa hewani na kuharibika taratibu miaka inavyopita, hata kama kiatu hakikuvaliwa. Ndiyo maana buti la mtumba lililokaa kabatini Ulaya kwa miaka mingi huweza kutoka kwenye robota likiwa na ngozi inayong'aa na mishono imara, na bado soli ikang'oka siku ya kwanza ya safari. Nimewahi kumwona msichana kwenye ukingo wa Longonot, ambako njia ya kuzunguka kreta, yaani shimo la volkano, ni takriban kilomita saba za vumbi la volkano na miteremko mikali, soli yake imefungwa kwa kamba ya begi na wenzake wakimshika mikono. Kabla ya kulipa, mnunuzi akunje kiatu kwa nguvu, kisha abonyeze tabaka hilo kwa ukucha wa kidole gumba. Likibonyea na kubaki na shimo, likitoa unga au kuonyesha nyufa, akirudishe mezani hata akipunguziwa bei nusu. Mafundi wetu wa viatu ni hodari wa kushona soli iliyofunguka, ila hakuna gundi wala uzi unaoshika kitu kinachomomonyoka.

Jaketi nalo lifunguliwe na kuangaliwa ndani. Lile linalozuia mvua kikweli lina utepe uliobandikwa juu ya kila mshono, kwa sababu maji hupenya kwenye matundu ya sindano. Utepe ukiwa umebanduka, au upande wa ndani ukichunika kama magamba, hilo ni jaketi la kuvaa mjini tu. Jinzi pia zisisifiwe kuwa nguo za mlima: pamba ikilowa hukawia kukauka na kumpokonya mtu joto, jambo la hatari mvua ya alasiri inapomkuta mbali na gari. Na nguo zenye madoadoa ya kijeshi zisiuzwe kabisa, kwani raia akikamatwa nazo ana kesi ya kujibu.

Ninawaomba wafanyabiashara watenge meza mbili, moja ya mitindo na nyingine ya vifaa vilivyokaguliwa, na wamruhusu mteja akunje, abonyeze na amwagie maji kidogo bila kufokewa. Wangeongeza pia chupa za maji za kudumu, kwa kuwa tangu Juni 5, 2020 plastiki za kutumiwa mara moja haziruhusiwi katika mbuga za kitaifa, zikiwemo Longonot na Hell's Gate, na bado wageni wengi hufika langoni wakiwa na chupa hizo mkononi.

Kwako Mhariri, ninaomba ukurasa wenu wa mitindo utoe maelezo ya ukaguzi wa buti na jaketi kabla ya likizo ya Agosti, wakati shule na makundi ya vijana yanapopanga safari za milimani.

Msomaji wako,
Nakuru